Angalia mwezi kwanza, mfuko baadae

Nyumba yetu ni ya mabati. Nalisema hili mwanzo kabisa manake mtu akaaye nyumba ya makuti, au ghorofani kunakopita upepo wa bahari, hataelewa kwa nini mie nayashughulikia hivi haya mambo ya kutoa watoto nje. Kuanzia mwezi wa kwanza mpaka mvua ya mwaka ishuke, ikifika saa saba mchana hapa Malindi ndani hakukaliki, feni yazungusha joto lile lile, watoto wamelala sakafuni matumbo wazi wagombania pale penye saruji baridi, na kitinda mimba ndo alia tu hata hujui alilia nini. Skuli zikifungwa mwezi wa nne ndo basi tena.

Sasa wenzangu wameniuliza sana siku hizi, hivi wewe pesa za kutembeza watoto kila baada ya wiki mbili wazitoa wapi, na mie kazi yangu ni kushona nguo za watu na baba yao alipwa kwa wiki. Nimewajibu kwa mdomo, lakini yamekuwa marefu, bora niyaandike pahali pamoja.

Nianze na nilivyokosea. Miaka minne nyuma, mwezi wa pili, nilikuwa nimeweka pesa kidogo kidogo kwenye kopo la maziwa tangu krismasi, nikasema Jumapili hii na sie twaenda bichi kama watu. Asubuhi nikapika, nikavisha watoto, tukatafuta tuktuk, mpaka twafika ufuoni ni saa sita. Maji yamekupwa, yako kuleee kwenye mwamba, mchanga wawaka, mdogo hawezi hata kukanyaga nimembeba mgongoni, kivuli hakuna. Tukaingia pahali pamoja pa kula hapo ufuoni, tukaambiwa viti vya chini ya makuti ni vya wanaoagiza, haya tukaagiza chipsi na soda na maji ya chupa. Tulipotoka shilingi 3,400 zimekwenda na watoto hawajaroa hata vidole vya miguu. Usiku yule wa katikati akashikwa na homa, atapika, kichwa chamgonga, na haikuwa malaria wala nini, ilikuwa ni jua tu. Pesa iliniuma lakini si sana. Kilichoniuma ni kwamba nilimtoa mtoto ili afurahi nikamrudisha mgonjwa.

Jirani yetu ni mzee aliyevua samaki maisha yake yote, sie twamuita babu. Kesho yake alikuja kumuangalia mtoto akaniuliza, "Mwanangu, mlikwenda mwezi ngapi?" Nikamwambia babu si ndo mwezi wa pili huu. Akasema, "Huo sikuulizi. Nakuuliza mwezi wa juu." Akahesabu kwa vidole, akaniambia jana ilikuwa mwezi kumi na nane, saa sita mchana maji yako mwambani, sasa nyie mlifuata nini kule?

Kila kitu nikifanyacho sasa kimeanzia hapo, kwa hivo nitakieleza vizuri, na aliye mtoto wa mvuvi anisamehe manake hili kwake si geni.

Bahari yafuata mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu wa kumi na nne kumi na tano, ndo bamvua, maji yajaa sana na yakupwa sana, na hapa kwetu pwani tofauti yake yapita mita 3. Na siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, alafu hukupwa kwenye saa nne saa tano za asubuhi. Kila siku ikipita yachelewa kama dakika 50. Kwa hivo ukifika mwezi saba nane, au ishirini na mbili hivi, mambo yamegeuka, ndo maji mafu, yajaa saa nne saa tano asubuhi na alasiri saa kumi yako chini. Ukishalijua hilo huhitaji programu ya simu wala nini, wahitaji tu kujua mwezi uliandama lini, na kwetu sie ambao twahesabu mwezi kwa ajili ya Ramadhani na maulidi hilo si gumu.

Sasa hesabu yangu ni hii. Nikitaka watoto waogelee alasiri jua likiwa limepoa, naenda siku za mwezi mosi mpaka wa tatu, au kumi na nne mpaka kumi na saba. Saa tisa maji yaja, saa kumi saa kumi na moja yamefika kwenye mchanga, watoto wacheza pale pale pembeni mie nawaona. Nikitaka watembee mwambani waangalie kaa na nyota za bahari kwenye vidimbwi, naenda siku za maji mafu, alasiri pia, na kila mtoto ana ndara miguuni manake kule kuna vile vidude vyeusi vya miiba mirefu na miiba yake haicheki na mtu. Na sharti langu moja siligeuzi: waogelea maji yakijaa, yakianza kukupwa watoka. Bamvua likikupwa lavuta, hata mtu mzima lavuta.

La pili alilonifunza babu ni kwamba Malindi imeangalia mashariki. Jua latoka baharini na lazama bara. Maana yake ni kwamba asubuhi saa tatu ufuo wote waunguzwa, hakuna pa kujificha, lakini kuanzia saa tisa u nusu saa kumi ile mivinje iliyo upande wa bara yaanza kulaza kivuli juu ya mchanga, na kadri jua lishukavyo kivuli chakuja chenyewe mpaka karibu na maji. Kivuli cha bure. Sasa fikiria mie nilikuwa nalipia kivuli cha makuti saa sita, na saa kumi kimelala pale chini hakina mwenyewe.

Kwa hivo kwetu kuna matembezi ya alasiri na matembezi ya alfajiri, katikati hapana. Ya alfajiri ndo niyapendayo zaidi mimi. Baba watoto akitoka msikitini kuswali alfajiri twakuwa tumeshafunga kikapu, mahamri nimeyachoma usiku, mbaazi ziko kwenye bakuli lenye mfuniko, chai iko kwenye chupa, tunatembea kwa miguu mpaka bahari, sie ni kama nusu saa. Jua latoka saa kumi na mbili na robo hivi. Watoto wala mahamri wakilitazama likitoka majini, wakimbia wakimbia, ikifika saa mbili na nusu tunarudi nyumbani hatujachoka na hatujatumia hata senti tano ya nje. Binti yangu mkubwa, wa darasa la sita, aliniambia siku moja mama mie sikujua kama bahari ina rangi zote hizo. Amezaliwa Malindi, miaka kumi na moja, hakuwahi kuliona jua likitoka majini. Maneno yale yalinigusa sana.

Kuhusu chakula niseme jambo ambalo sioni watu wakilisema. Nazi na joto havikai pamoja. Mbaazi za nazi asubuhi sawa, zaliwa ndani ya masaa mawili. Lakini wali wa nazi, au samaki wa kupaka, uupike saa nne uubebe mpaka saa kumi na moja kwenye joto la mwezi wa tatu, utachacha, na mtoto ataumwa na tumbo. Kwa matembezi ya alasiri nabeba vikavu: viazi karai (rojo la ukwaju nalibeba kando), kachri, mayai ya kuchemsha, embe mbichi na pilipili na chumvi. Mahamri yaliyobaki pia. Wakitaka kitu cha kununua wanunua barafu za ukwaju au muhogo wa kuchoma wenye ndimu, na mabuyu, hayo yanatosha kabisa na mtoto anafurahi kwa sababu amenunua mwenyewe kwa mkono wake.

Maji ndo usifanye mchezo nayo. Usiku nagandisha chupa nne tano za lita moja, sie friza hatuna nawekewa na jirani. Hizo nazifunga kwa leso nzito, zayeyuka taratibu, mpaka saa kumi na mbili jioni kuna maji ya baridi na ile leso imeroa yafaa kumfuta mtoto shingo na kwapa. Mtoto akicheza hasemi ana kiu, nawanywesha kwa lazima kila nikiona wamepumzika, na chupa moja naitia ndimu, sukari na chumvi kidogo. Mtoto akinyamaza ghafla, akakaa pembeni, ngozi imewaka na hataki kucheza, usingoje, mtie kivulini umroweshe umpe maji kidogo kidogo, na akianza kutapika au kuweweseka huyo ni wa hospitali moja kwa moja. Mie nilichelewa siku ile kwa sababu nilidhani amenuna.

Hesabu yenyewe. Mara ya mwisho tulikwenda ufuo wa Silversands, sie watano: tuktuk kwenda na kurudi 300, muhogo 100, barafu 60, madafu mawili 120 tukagawana. Jumla 580. Chakula kingine ni cha nyumbani ambacho tungekula vile vile.

Lakini kuna siku bahari yenyewe haifai. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki waja na udongo wote wa kule juu, na huu ndo ule ule mto uitwao Athi kule karibu na Nairobi, ukikutana na mto Tsavo waitwa Galana, kwetu ndo Sabaki. Wamwaga hapo kaskazini ya mji, na bahari yageuka rangi kama chai ya maziwa. Kusi ikivuma ile rangi yapelekwa upande wa Mambrui na Ngomeni, lakini kaskazi ikivuma yasukumwa kuja kwetu mjini. Watoto wangu sasa wakiamka wauliza upepo wavuma kutoka wapi, na hilo lanifurahisha kuliko alama za skuli. Na kule mtoni kwenyewe, mdomoni pale Sabaki, watu wapapenda kwa ndege, kuna nyakati mikorongo na heroe ni wengi ajabu, lakini mie siwaachi watoto wakaribie maji, kuna viboko na kuna mamba, twaenda na kijana wa pale pale anayeijua njia na twatazama kwa mbali.

Kusi nayo mwezi wa sita wa saba yapiga mchanga machoni, bahari yachafuka, siku hizo ndo nageuza watoto upande wa msitu.

Gede, yale magofu ya mji wa kale. Wallahi mie sikujua kama Gede ni ya watu kama sie, nilidhani ni ya watalii na mabasi ya skuli. Mpaka siku nilipopanda matatu ya kwenda Watamu, nikashuka njiani, tukatembea kidogo, tukaingia. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni na watoto chini zaidi, na siku hizi malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kwa hivo fanya kabla hujatoka nyumbani usije ukasimama getini wahangaika na simu isiyo na chaji. Ndani ni baridi! Ile miti mikubwa, mibuyu na mikwaju na mingine siijui, imefunika ule mji wote wa mawe, saa saba mchana ambayo kwangu nyumbani ni tanuri, mle mwatembea bila kutoa jasho. Kuta za msikiti, jumba la mfalme, visima, vyoo vya mawe vya watu walioishi hapo miaka mia sita nyuma. Kuna kaburi limeandikwa mwaka, kwa hesabu ya kizungu ni 1399. Watoto waliuliza maswali mpaka nikachoka, kwa nini waliondoka, walikwenda wapi, je maji yaliisha? Na kweli hilo la maji ni moja ya sababu zinazotajwa, kwamba visima vilishuka. Mwaka 2024 UNESCO wakauweka Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia, na kutoka kwetu ni nauli ya matatu tu, kama kilomita 15. Chungeni chakula kwa sababu ya kima, wamezoea watu, mkate wa mwanangu ulichukuliwa mkononi. Na ukikaa kimya pembeni unaweza kumuona sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu, apekua majani makavu, na huyu haonekani sehemu nyingi duniani, makao yake makubwa ni msitu wetu wa Arabuko-Sokoke.

Hapo hapo ndani ya uwanja kuna mradi wa Kipepeo, ulianza 1993, watu wa vijiji vya kando ya msitu wafuga vipepeo na wauza vile vifukofuko ng'ambo. Kitinda mimba wangu alikaa kwenye kile chumba cha wavu mpaka tukambeba kwa nguvu.

Matembezi ya mbali mie siyafanyi peke yangu. Tuko familia tatu, kila mmoja atoa 50 kwa siku ashikaye ni wifi yangu, na baada ya miezi miwili mitatu tunakodi matatu moja nzima. Hivo ndivyo tulivyokwenda Marafa kule Nyari, lile bonde lililomeguka lenyewe, mchanga mwekundu na mweupe na rangi ya chungwa umesimama kama minara. Dereva alitaka 6,000 kwenda na kurudi, ukigawa familia tatu ni 2,000 kila mmoja, na ukigawa kwa vichwa kumi na vinne ni pesa ndogo. Tuliondoka saa nane, tukashuka bondeni saa kumi na kitu, na usiende kabla ya hapo, kule chini hakuna upepo na ukuta warudisha joto. Aliyetuongoza aliwasimulia watoto ile hadithi ya matajiri waliokuwa wakioga maziwa na wenzao wana njaa, mpaka ardhi ikawameza, na rangi nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeomba soda.

Hori ya Mida nayo ni hivo hivo, kile kidaraja cha mbao kati ya mikoko, twaenda jioni, na pesa mnayotoa pale yasaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vya karibu na msitu, nililipenda sana hilo.

Sasa kuna jambo lanikera na nitalisema. Mwaka juzi tulikuwa tumekaa chini ya mivinje saa kumi, mkeka wetu, kikapu chetu, akaja askari wa hoteli moja akatuambia tuondoke hapa ni kwa wageni. Mama mkwe wangu alikuwepo, mtu wa miaka sabini, aliinuliwa alipokuwa amekaa. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, yasema ardhi yote iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ardhi ya umma. Sawa, mchanga ni wetu. Lakini kivuli hakiko kwenye mchanga wa chini, kiko kule juu ya mstari wa maji, kwenye miti, na ile miti kila mwaka yakatwa au yazungushiwa ukuta, na vichochoro vya kushukia bahari vyazidi kuwa vyembamba. Mtu mwenye watoto hahitaji mchanga peke yake. Ahitaji mti. Nawaomba wenye mamlaka ya mji huu, pale palipobaki wazi mpande mivinje, mikungu, miarobaini, na muweke bomba moja la maji tamu, hamtatumia pesa nyingi na mtakuwa mmewafungulia bahari watu ambao wamezaliwa hatua chache nayo na hawaiendei. Na sie tunaokwenda tusiache mifuko na maganda ya madafu, mie mwanangu mkubwa kazi yake ni kukagua mkeka ukikunjwa.

Siku nyingine pesa hata ya tuktuk hakuna, hapo twatembea mpaka kwenye mnara wa Vasco da Gama, pale juu ya rasi upepo wapita pande zote. Kiingilio ni kidogo, na hata usipoingia njia yenyewe ya kwenda ina upepo. Nimewaeleza watoto kwamba yule Mreno alifika 1498 na ni hapa Malindi alipopewa nahodha wa kumvusha mpaka India, na kabla yake, 1415, twiga wa Malindi alishafikishwa China kwa meli. Wa katikati aliuliza twiga alikunywa nini njiani. Sikuwa na jibu, tukakaa ukutani tukahesabu sote watano twiga angehitaji mitungi mingapi.

Jumamosi hii ni mwezi kumi na tano. Maji yatajaa kwenye saa kumi u nusu, chupa tano ziko kwa jirani zagandishwa, viazi nitachemsha Ijumaa usiku. Babu amesema mara hii na yeye aja, magoti yake hayamruhusu kutembea, kwa hivo tuktuk ni mbili, nimeongeza 300 kwenye hesabu.